Kifafa si kichekesho: wachekeshaji wa TV, mmetuchosha!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitajificha. Juzi usiku kituo kimoja cha TV hapa nchini kimerudia tena kile kipande cha komedi ambacho mchekeshaji anajifanya kuanguka kifafa gengeni. Anapepesuka, anageuza macho, anadondoka chali, miguu inarushwarushwa, povu la sabuni linamtoka mdomoni. Wenzake wote wanatimua mbio na kupindua meza za nyanya. Jamaa anaamka, anajifuta, anakuta genge halina mtu, anajaza kapu anaondoka zake. Kile kicheko chao cha kubandika kinapigwa mara tu povu linapotoka. Anapoiba nyanya hakuna kicheko. Maana yake waliokaa kukata kile kipande waliamua kabisa kwamba kinachochekesha ni povu.

Sitataja kituo wala kikundi, sitaki uzi huu ugeuke ugomvi wa mashabiki. Wanaotazama TV wanakijua.

Kabla hamjaanza na "ni utani tu mkuu, punguza jazba", nisikilizeni. Karibu watu milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, na takriban asilimia 80 yao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati kama hizi zetu. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka kabisa kama wangegunduliwa mapema na kupewa dawa sahihi. Fenobabitoni ni dawa ya kifafa ya miaka mingi na ya bei rahisi. Sasa jiulize kwa nini wagonjwa wengi hawafiki hata zahanati. Wanafichwa nyumbani, wanapelekwa kwa mganga, wanatolewa shule, kwa sababu majirani wanaamini kifafa kinaambukiza, tena kupitia mate na hilo povu. Na wewe mchekeshaji unawathibitishia sebuleni kwao saa tatu usiku kwamba ukiona povu, kimbia.

Watu wa Ulanga, Morogoro, wanalijua hili kuliko sisi wa mjini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Mnorwe, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, kwa sababu ukanda ule una wagonjwa wengi kupita kawaida. Watafiti baadaye wamekihusisha na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo wanaozaliana kwenye mito inayokwenda kasi. Alichokikuta daktari huyo ni watu wenye makovu makubwa ya moto. Mgonjwa alianguka kwenye mafiga, na waliokuwa karibu waliogopa kumgusa kumtoa, wakihofia mate yake. Aliungua huku watu wanatazama. Ndiyo imani ileile mnayoiuza leo kwa matangazo ya soda katikati.

Mimi nina mdogo wangu wa kike, ana kifafa tangu darasa la tano. Anapika chapati na supu kwenye soko moja hapa Dar. Anatumia dawa vizuri, anaweza kukaa muda mrefu hajaanguka, lakini mwaka jana dawa zilikosekana zahanati kwa wiki kadhaa na akaanguka kazini. Alianguka pembeni ya jiko la mkaa lenye sufuria ya supu inayochemka. Wateja walisimama wote, benchi likapinduka, wakarudi nyuma hadi barabarani. Kijana mmoja wa bodaboda akapiga kelele "Povu hilo, oyaa, povu!" kwa sauti ileile ya yule mchekeshaji, na watu wakacheka. Mama mmoja muuza dagaa ndiye aliyesogea. Alisukuma jiko kwa mguu, akamlaza mdogo wangu ubavu, akakunja kanga akamwekea chini ya kichwa, akakaa naye hadi akatulia. Alipozinduka alikuta vijana wawili wamemnyooshea simu, wanamrekodi.

Hakurudi pale kwa muda. Wateja wa chapati walikuwa wanamuuliza kama "ile hali" haiingii kwenye unga.

Halafu mtu ananiambia Waafrika tumezoea kucheka hata na misiba, kwamba mimi nimezidisha uzungu. Ndugu yangu, mimi ni Mzaramo, huwezi kunifundisha utani. Nimeona watani zetu Wanyamwezi wakiingia msibani, wanamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, alivyokuwa anakohoa, wanakaa mbele ya jeneza wanadai deni, na wafiwa wanacheka machozi yanawatoka. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi, anabeba, anachota maji, anabaki na familia watu wengine wakishaondoka. Ana haki ya kutania kwa sababu ana wajibu wa kufanya kazi. Wewe wa kwenye TV umemfanyia nini mgonjwa wa kifafa mpaka ujipe haki ya mtani? Umewahi kukaa hata siku moja kwenye foleni ya kliniki yao? Na mtani hafundishi watu kumkimbia mtu aliye hai anayehitaji kushikwa kichwa.

Sisemi magonjwa yasiguswe na vichekesho. Kinyume chake kabisa, nataka yaguswe, na yanaweza kuguswa vizuri. Mwaka 1990, ukimwi ukiwa bado ni hukumu ya kifo na watu wakiogopa hata kupeana mikono, komedi ya Marekani ya The Golden Girls ilitoa kipindi ambacho Rose, yule bibi mpole kuliko wote pale nyumbani, anapata barua kwamba damu aliyoongezewa alipofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo huenda ilikuwa na virusi. Anapima, anasubiri majibu siku tatu. Ndani ya siku hizo, Sophia, bibi mzee kuliko wote pale nyumbani, anaanza kuogopa choo anachotumia Rose na anaweka alama kwenye vikombe vyake. Watazamaji wanacheka, na wanamcheka Sophia, wanaucheka woga wake, kwa sababu kila mtu sebuleni anajua na yeye angeweza kuweka alama kwenye vikombe vilevile. Rose mwenyewe anauliza kwa nini yeye, mtu mwema, na Blanche, mwenzao wa nyumba, anamjibu kwamba ugonjwa huu si wa watu wabaya, wala si adhabu ya Mungu. Majibu yanatoka, hana virusi. Katika kipindi chote hicho mgonjwa hageuzwi kuwa kituko. Miaka mitatu kabla yake, 1987, Designing Women, komedi nyingine ya Marekani, nao walikuwa wameugusa ukimwi, mwandishi wake akiwa amempoteza mama yake mzazi kwa damu ya kuongezewa. Hao walikuwa watu wa vichekesho, si wizara ya afya.

Na msiniambie hayo ni ya wenzetu wenye pesa. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Wazee wa humu mnamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye kimada kila kituo. Tulimcheka Mkwaju hadi tukachoka, majigambo yake, uongo wake kwa mkewe Tunu. Lakini tulicheka tabia yake, na ukimwi ulipomfikia, vicheko vilikatika vyenyewe na kila mwanaume kijiweni akaanza kujihesabu. Dodoma hawakurushiwa mchezo ule hadi 1995, ili watafiti walinganishe, na walikuta kwamba kwenye maeneo yaliyosikiliza watu walisema wamepunguza wapenzi na wanatumia kondomu zaidi. Waliofanya kazi hiyo ni waandishi na waigizaji wa nchi hii hii, kwa redio tu, bila hata picha.

Kwa hiyo uwezo tunao. Kinachokosekana ni kazi. Kuandika kichekesho kinachomcheka mwoga ni kugumu, lazima ukae, ufikiri, uongee na wagonjwa. Povu la sabuni halihitaji mwandishi. Ndiyo maana kila wakiishiwa wanakimbilia hapo hapo. Mgonjwa wa akili lazima avae magunia na kuokota makopo, aliyepata kiharusi lazima apinde mdomo na kudondosha mate, mwenye kigugumizi anapigwa kofi ili neno litoke. Watu wenye ualbino, ambao wamekatwa viungo na kuuawa katika nchi hii kwa sababu ya ushirikina, nao bado kuna mtu anaona ni sawa kuandikiwa utani wa "dili", yaani kwamba viungo vyao ni pesa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Inalala kabatini.

Ninachotaka ni hiki. Kile kipande kitolewe kwenye ratiba na kwenye ukurasa wa kituo, maana bado kipo na bado kinawaingizia pesa. Wakishakitoa, wapige kingine cha genge hilohilo, mtu aanguke, na safari hii tuwacheke wanaokimbia na kuacha viatu, huku mmoja anaonyesha cha kufanya: ondoa jiko na vitu vyenye ncha, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimwekee kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu, angalia saa, na ikipita dakika tano bila kutulia, mkimbizeni hospitali. Yote hayo yanaingia ndani ya dakika mbili za kipindi. Kama mmeweza kupindua meza za nyanya, hamshindwi na hili.

Nimeshaandika barua kwa kituo husika, sijajibiwa. Aliyewahi kupeleka malalamiko Kamati ya Maudhui ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) naomba aniwekee hapa utaratibu: wanataka tarehe na saa ya kipindi, wanataka rekodi, na je, mtu mmoja anatosha au twende wengi? Wenye wagonjwa wa kifafa majumbani mliokiona kile kipande, semeni hapa wilaya mliyopo tuandike barua moja yenye majina mengi. Na kama humu kuna mwandishi wa vichekesho anayesoma, mdogo wangu amesema yuko tayari kukaa naye na kumsimulia visa vyote, pamoja na vya kuchekesha, anavyo vingi. Nitumie ujumbe, nitawakutanisha.