Moynaq au Aralsk? Waliofika Bahari ya Aral naombeni ushauri

Mtembezi_Tanga
Wakuu habari zenu. Mimi na rafiki yangu tunafanya kazi Dubai, mwezi wa 9 tunataka kwenda Asia ya Kati na kubwa tunalolifuata ni Bahari ya Aral, au tuseme kilichobaki. Bandari za zamani zinazotajwa sana ni mbili, Moynaq upande wa Uzbekistan na Aralsk upande wa Kazakhstan, na likizo ni fupi lazima tuchague moja. Kila mtu mtandaoni anaweka picha za meli za Moynaq. Ila mimi nimezaliwa nyumba ya wavuvi, meli peke yake hazinitoshi, nataka kuona watu wanaishije baada ya maji kuondoka. Nani kafika anieleze?

BintiPangani
Mkuu mimi nimefika Moynaq na nitakwambia nenda. Unaanzia mji wa Nukus, kama kilomita 200 hivi, njiani ni mashamba ya pamba na mifereji, na hapo hapo unaelewa maji yalikwenda wapi, maana kuanzia miaka ya 60 Wasovieti walichepusha mito ya Amu Darya na Syr Darya kumwagilia pamba mpaka ziwa lililokuwa la 4 kwa ukubwa duniani likakatika vipande. Ukifika kuna genge ambalo zamani lilikuwa ufuko, chini yake meli zimepangwa mstari juu ya mchanga. Teremka, usiishie kupiga picha ukiwa juu. Chuma kinabanduka kama magamba, ukigusa kutu inabaki mkononi, na kwenye mchanga chini ya matumbo ya meli kuna makombe madogo meupe ukikanyaga yanavunjika. Kwa kweli makombe yale yaliniuma kuliko meli. Meli zilivutwa zikapangwa pale ili wageni wazione, makombe yapo pale pale bahari ilipoyaacha.

Na usiache makumbusho yao, kuna picha za bandari ikiwa na maji na makopo ya samaki ya kiwanda cha mji ule. Maji yalipokimbia walikuwa wanaletewa samaki wa kugandishwa kutoka bahari za mbali huko, ili kiwanda kisifungwe watu wasikose kazi. Hebu fikiria mvuvi anasindika samaki aliyekuja kwa treni.

MzeeWaReli
Dada Binti umeeleza vizuri sana, lakini kwa alichouliza Mtembezi jibu ni Aralsk. Moynaq maji yako zaidi ya kilomita 100 toka mjini, na ukiyafikia yana chumvi kali kiasi kwamba samaki hamna, kinachovunwa ni mayai ya vikamba vidogo sana vinaitwa artemia. Aralsk ni habari nyingine.

Ule mji umekuzwa na reli ya Orenburg kwenda Tashkent iliyokamilika 1906. Ukishuka tu stesheni angalia ukutani, kuna picha kubwa ya vigae, wavuvi na samaki wao. Mwaka 1921 Urusi ilikuwa na njaa, Lenin akawaandikia kuomba msaada na wao wakajaza mabehewa 14 ya samaki. Bandarini maji hamna, kreni zimesimama pakavu, na pale makumbusho ya wavuvi wameweka boti nje. Ila 2005 ulimalizika ukuta wa Kok-Aral, kama kilomita 13, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukazuia maji ya Syr Darya yasipotelee kusini. Ziwa la kaskazini likapanda, chumvi ikapungua, samaki wakarudi. Chukua gari fo-wili na dereva wa pale pale mjini akupeleke kijiji cha Tastubek, utaona boti zinaingia na samaki.

Nyakato_Mwanza
Samaki gani hao mzee? Mimi nauza sangara ndo maana nauliza

MzeeWaReli
Kabla ya ukuta alibaki kambala, yule samaki bapa, alipandikizwa kwa sababu anavumilia chumvi. Sasa hivi kuna sudak (Kiingereza zander), karpu na wengine wa maji baridi. Huyo sudak ndiye wa hela, wanamkata minofu anauzwa hadi Ulaya, biashara yake ungeielewa haraka kuliko sisi wengine.

BintiPangani
Sawa mzee, lakini semeni yote. Ukuta huo huo ndio ulioifungia kusini mlango. Watu wa Moynaq nao walikuwa wavuvi, nao wana watoto, na hakuna aliyewajengea ukuta. Kwa hiyo anayetaka kujua watu wanaishije baada ya maji kuondoka, wanaoishi hivyo ni wale wa Moynaq. Upepo ukivuma unabeba chumvi na vumbi lenye dawa za mashamba, ndiyo maana serikali inapanda miti ya saksauli kwenye sakafu ya bahari ili mchanga utulie.

MzeeWaReli
Hapo sikubishii dada yangu, kusini wameumia. Ila Syr Darya isingetosha kujaza pande zote mbili, yaliyokuwa yanakwenda kusini yalikuwa yanakaukia njiani.

msafiri_254
Mbona msijaribu Turkmenbashi pale Caspian? Bandari ya 1869 na bahari iko pale pale. Shida ni viza ya Turkmenistan, kwa miaka mingi ilitaka barua ya mwaliko kwanza, ulizieni kama bado. Kwa likizo fupi hiyo inaweza kuwa kichwa kuuma.

Mtembezi_Tanga
Asanteni sana wote. Binti umenigusa, lakini nataka kuona boti majini, tunaenda Aralsk. Moynaq nitaipangia safari yake. Mzee tupite wapi?

MzeeWaReli
Rukeni hadi Almaty, ndege ya ndani hadi Kyzylorda, halafu treni. Kateni kupe, chumba cha vitanda 4, na ombeni vya chini. Bebeni maji ya kutosha na kilemba cha kujifunga usoni, upepo wa kule hauchagui mwezi.