Anampigia simu usiku yule aliyemuuza. Nimnyang'anye?

Fundi wa Makorora

Assalaam aleikum ndugu zangu, na wengine habari za jioni. Yamenifika, na hapa mtaani sina wa kumwambia, maana Makorora ukikohoa nyumba hii unapewa pole nyumba ya tano. Wiki tatu hizi nakata vitambaa vya watu na akili haipo. Jana nimeharibu gauni la mteja, bega moja limepanda juu ya jingine.

Mimi ni fundi cherehani, Tanga. Naishi na binti wa marehemu dada yangu, ana miaka 15. Mwaka juzi mama mmoja wa kwetu milimani, Lushoto, mtu tunayemjua na misiba yetu anakuja, alikwenda kumwomba kwa babu yake. Kuna familia Dar inatafuta binti wa kulea mtoto, jioni watampeleka kujifunza ushoni. Alikuja na sukari kilo mbili na doti ya kanga ya bibi. Mimi nilipigiwa simu kuulizwa, nikasema mwacheni aende, cherehani haimtupi mtu. Neno hilo linanikaba mpaka leo.

Hakukuwa na mtoto wa kulea. Palikuwa na baa yenye vyumba uani, na huyo mama, ambaye wasichana wote humwita Anti, ndiye mpokea pesa. Zaidi ya hapo siandiki. Polisi walifanya msako wakawatoa wasichana wanne, mwenye baa akakamatwa, Anti akatoroka. Ustawi wa jamii wakanipigia nikamfuata mwanangu.

Sasa analala na ndala miguuni. Nikitandika nakuta andazi chini ya mto, limekauka kama jiwe. Mume wangu akiwa ndani haendi kuoga. Hayo nayavumilia. Lililonishinda ni hili: nilimnunulia kitochi, na Jumapili, saa nane usiku, nimeamka kwenda chooni nikamsikia uani, amechutama karibu na pipa la maji, ananong'ona, "Anti, mmekula?" Yule yule Anti! Nikarudi kitandani magoti yananitetemeka. Tangu siku hiyo mtoto chakula anakigusa tu.

Mume wangu anasema nimnyang'anye simu na mlango nifunge kwa kufuli. Babu yake naye amefuatwa na kaka wa Anti, ameahidiwa laki tano iwapo binti atasema alikwenda mwenyewe kwa hiari yake. Babu anaona tuyamalize nyumbani, kisha aozwe, aibu ifunikwe. Nifanyeje?

Mzee wa Pongwe

Mtoto wa miaka 15 simu ya nini? Nyang'anya, vunja laini, funga mlango. Na samahani nitasema ukweli, anayempigia simu mtu kama huyo huenda yale maisha ameyapenda.

Nimepita Huko

Mzee, shikamoo. Nakujibu kwa adabu kwa sababu ya mvi zako tu.

Mimi nakaanga samaki Bagamoyo, nina miaka 29. Nilichukuliwa nikiwa na 14. Nyumbani kwetu, mwezini, nilikuwa natumia matambara ya godoro. Mtu wa kwanza katika dunia hii kuninunulia pedi ni yule yule aliyeniuza. Alinisuka nywele. Nikiumwa alinipikia uji wa pilipili manga. Halafu jioni ikifika… unaelewa. Kwa hiyo nilipotolewa nilimlilia miezi. Nilimchukia na nilimlilia, siku moja hiyo hiyo. Sikuyapenda yale maisha, mzee. Nilikuwa na mtu mmoja tu duniani, na mtu mwenyewe ndiye huyo.

Dada fundi, simu usichukue. Mimi yangu ilichukuliwa siku ya kwanza kabisa, kabla hata sijaoneshwa pa kulala. Ukichukua ya huyu mtoto, atakuweka fungu moja na wale. Kufuli nalo, kama lazima liwepo, liwe la ndani na ufunguo akae nao yeye. Bibi yangu hakuwa amesoma lakini alinipa komeo. Alikuwa pia hanigusi bila kusema kwanza, "nakushika bega", halafu ndipo anishike. Na kila asubuhi aliniuliza leo tupike nini. Nilikaa wiki nzima nashindwa kujibu, sijazoea kuulizwa. Siku niliposema "kisamvu" bibi alitoka mbio kwenda kuchuma utadhani nimetangaza harusi.

Maandazi usiyatupe. Mwekee bakuli lenye kifuniko, mwambie ni lake.

Konda wa Mombo

Pole sana mama. Mimi ni konda, Lushoto–Dar. Hawa akina Anti nawabeba na nauli zao napokea, ndiyo ukweli. Kila Januari, shule zikifunguliwa kwa wengine, unaona mama mmoja na mabinti watatu, vifurushi vipya, nauli zote amelipa yeye, simu kashika yeye. Tukisimama Mombo wananunuliwa chipsi, wanafurahi. Siku hizi nawauliza mabinti wenyewe: unashukia wapi, anakupokea nani? Mwenye safari ya kweli anataja Tandika kwa shangazi. Wengine wanamtazama mama kwanza. Mwaka jana niliwatazama wawili hivyo mpaka Korogwe, nikashuka nikapiga 116, namba ya msaada kwa watoto, dereva kanitukana njia nzima. Ile namba ni bure, mtandao wowote, saa 24.

Mstaafu wa Ustawi

Mwanangu fundi, nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi, mkoani kwetu na kwingineko. Nakwenda moja kwa moja.

Hiyo laki tano ni ya kununua neno "hiari", na neno lenyewe halina bei. Chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008, mhanga akiwa mtoto, yaani chini ya miaka 18, ridhaa yake haimwokoi mshtakiwa. Ya babu haimwokoi, na ile ya kwako kwenye simu, inayokukaba, haimwokoi pia. Ulidanganywa. Kesi si yenu mkaimaliza sebuleni, ni ya Jamhuri, binti ni shahidi. Wanaolipa wanaogopa kitu kimoja: katika makosa ya kujamiiana mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Mwambie babu amtaje huyo kaka kwa mpelelezi kabla hajajikuta naye ni mtuhumiwa. Kuhusu kuozwa, Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2019 kwamba ndoa ya binti wa chini ya miaka 18 inapingana na Katiba, ikikubaliana na Mahakama Kuu ya 2016. Babu atafute njia nyingine ya kufunika aibu, kama aibu ni ya kwenu kweli.

Hospitali mlikwenda? Kwa anayesoma hapa na jambo ni la jana: dawa za kuzuia VVU zina saa 72 tu, wahini, fomu ya polisi, PF3, isiwe sababu ya kukaa nyumbani kusubiri. Kwa binti yako saa hizo zimepita, kwa hiyo kapime na urudie kipimo baada ya miezi mitatu. Muulize anataka nesi mwanamke au la, na kama uingie naye au ubaki nje.

Usimhoji. Kila shangazi anayekuja kusalimia na kuuliza "ilikuwaje" anamrudisha kule kule, na hadithi ikisimuliwa mara kumi wakili wa upande wa pili atapata pa kuchokonoa. Akianza mwenyewe kusema, sikiliza, kisha uandike tarehe na maneno yake kama alivyoyasema. Shule, waraka wa Novemba 2021 unaruhusu waliokatiza masomo kurudi, ila hilo lisiwe la wiki hii.

Simu nakubaliana na mwenzangu wa Bagamoyo, kwa sababu nyingine pia: Anti katoroka, na namba anayoipokea usiku ni njia ya kumfikia. Mpelelezi lazima aijue. Lakini mwambie binti kwanza, usiende Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi kwa kumzunguka. Wote waliomfanyia mambo hadi leo walimzunguka.

Halafu rudia kusoma ulichoandika. "Anti, mmekula?" Mmekula, si umekula. Ulisikia hivyo, au kidole kiliteleza?

Mzee wa Pongwe

Lile neno langu la mwisho nalirudisha. Nina wajukuu.

Fundi wa Makorora

Asanteni. Shikamoo mstaafu. Ni "mmekula". Nilisikia hivyo na nikaandika hivyo bila kuwaza.

Jana baada ya isha tulikaa mkekani, mimi natia vifungo shati za shule, yeye ananipitishia uzi kwenye sindano, macho yangu hayawezi tena. Sikumtazama. Nikasema, "Jumapili nilikusikia uani. Simu ni yako, sikunyang'anyi. Nataka kujua tu, Anti anakula na nani?"

Nilimaliza vifungo vitatu. Kisha akasema walikuwa watano.

Siku ya msako Anti alitokea mlango wa nyuma na mmoja, mdogo kuliko wote, wa miaka 12, aliletwa kutoka Handeni. Hawa wanne hawakumtaja polisi kwa sababu Anti aliwaapiza: mkisema, mdogo wenu mtamkuta mtaroni. Kwa hiyo mwanangu kila usiku anapiga, anauliza mmekula, Anti anajibu tumekula, anakata simu, analala. Basi, ni hilo tu. Mimi nilidhani anamtamani.

Jumapili Anti alijibu, "Nimekula."

Hatukusubiri asubuhi. Mpelelezi tulimpigia saa nne usiku, tukapiga na 116. Alipouliza namba ya Anti nikanyoosha mkono nipewe simu niisome, mwanangu akaushusha mkono wangu taratibu. Akaisoma yeye, tarakimu moja moja, kwa kichwa.