MREJESHO: Kazi ya mtandaoni nikiwa Kalobeyei (makazi ya wakimbizi Turkana, Kenya), malipo yameanza kuingia

Ndugu zangu, niliwauliza mkimbizi asiye na pasipoti analipwaje kwa kazi ya mtandaoni. Asanteni sana kwa majibu.

Akaunti yangu ya kwanza ya kazi ya mtandaoni ilifungwa. Kampuni ilitaka pasipoti, kitambulisho cha mkimbizi hawakitambui. Kuna aliyenishauri nitumie jina la rafiki Mkenya. Nilikataa, maana jasho lako likiingia kwa jina la mwingine huna pa kulidai. Nikamsikiliza dada aliyesema nitafute wateja moja kwa moja. Sasa nasikiliza rekodi za Kiswahili cha Kongo na kuziandika, mteja yuko Nairobi, ananilipa kwa M-Pesa kwenye laini yangu mwenyewe. Kiswahili cha kwetu Bukavu ndicho kinachonilisha, nami nafurahi mno!

Kibali cha kazi, kile cha daraja M wanachopewa wakimbizi, bado nakisubiri. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 inatambua haki yetu ya kufanya kazi, ila wateja wakubwa wanataka kwanza kuona karatasi.

Kinachoniumiza ni umeme. Natumia sola, na betri inakwisha usiku kabla sijamaliza faili. Aliyenunua betri nzuri Kakuma mjini karibuni, naomba anitajie bei.