Miaka 43, nilihitimu Khartoum 2008: residensi ya Marekani bado inawezekana?

Daktari wa Barani

Assalam alaykum wana jukwaa. Naomba ushauri, na msinionee haya, nielezeni mambo yalivyo.

Mimi ni daktari hapa Malindi, MO wa kawaida, yaani daktari asiye bingwa. Nilisomea Khartoum kwa ufadhili, nikahitimu 2008, nikarudi nyumbani nikafanya intanshipu, nikasajiliwa, na tangu hapo sijatoka wodini: wazazi, kasualti, kliniki ya sukari na presha. Ubingwa sikusomea. Kila nikikaribia kuomba nafasi huzuka jambo, mara mimba, mara mamangu mgonjwa, mara karo.

Kaka yangu yuko Columbus, Ohio. Akipiga simu wimbo ni ule ule: fanya mitihani yao, ingia residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, miaka mitatu uwe bingwa wa magonjwa ya ndani, watoto wasome huko. Mume wangu ni nahodha wa mashua za watalii Watamu, na amesema tutakapokwenda atakwenda. Tuna watoto watatu, wa kwanza ana miaka 17.

Yanayonikosesha usingizi ni haya. Nani atamchukua mtu wa miaka 43 akae chini ya vijana? Halafu chuo changu kiko kwenye mji uliopigwa vita tangu Aprili 2023, sijui kama kuna mtu wa kujibu barua. Cheti ninacho, cha Kiarabu pamoja na tafsiri yake, kwenye mfuko wa nailoni kabatini. Muhuri wa zambarau umeanza kupauka kwa huu unyevu wetu, ila namba ya usajili inasomeka. Na kuna wakala amenipigia, anasema kwa dola elfu nane atanipa "nafasi ya moja kwa moja". Nimemwambia nitafikiri.

Kisauni Damu

Umri ni namba tu daktari. Wazungu hawana mambo ya umri kama huku kwetu. Nenda zako.

Mwanasheria Mtaani

Kisauni, taratibu. Ni kweli wana sheria ya mwaka 1967 inayomkinga mfanyakazi wa miaka 40 na zaidi asibaguliwe kwa umri. Lakini hospitali haina haja ya kumwuliza umri. Inamwuliza mwaka wa kuhitimu, na mlango unafungwa bila mtu yeyote kutaja umri.

Tabibu Ughaibuni

Dada daktari, mimi ni mtu wa Pwani na nimepita njia hiyo hiyo, mwaka wangu wa kuhitimu ukiwa umeshachakaa. Soma polepole, ni ndefu.

Naanza na wakala kwa sababu hapo kuna pesa zako. Mkimbie. Nafasi za residensi hugawiwa kupitia Match ya NRMP, mpango wao wa kitaifa wa kuwalinganisha waombaji na hospitali. Wewe unazipanga hospitali zilizokuhoji kwa unavyozipenda, nazo zinawapanga waombaji, kompyuta inalinganisha, na majibu hutoka Machi. Tangu 2013 kanuni ni kwamba hospitali ikishiriki iingize nafasi zake zote humo, ama isishiriki kabisa. Huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe tupu.

Sasa takwimu ambayo kaka yako pengine ameiona. Mwaka 2025, kati ya madaktari waliosoma nje na wasio raia wa Marekani, asilimia 58 walipata nafasi. Inatia moyo, sivyo? Ila wanaohesabiwa ni wale waliofika hatua ya kupanga orodha ya hospitali, na kwa kawaida hufiki hapo bila kuitwa kuhojiwa. Waliotuma maombi wakanyamaziwa hawamo. Na wengi waliomo wamehitimu juzi. Wewe una miaka kumi na minane tangu uhitimu. Hospitali nyingi zinachuja kwa miaka mitano, nyingine mitatu, chache kumi, na chache zaidi hazina mpaka. Mchujo unafanywa na kompyuta kabla binadamu hajasoma jina lako. Kwa hiyo kazi ya mtu kama wewe ni kuzisaka hizo zisizo na mpaka, moja moja, kwenye FREIDA, orodha ya mtandaoni ya programu za residensi, na kwenye kurasa za hospitali zenyewe, na kuwaandikia waratibu wao. Anayerusha maombi mia mbili kwa kubahatisha anawalipia wenzake mfumo tu. Elekeza nguvu kwenye magonjwa ya ndani na tiba ya familia, hospitali za miji midogo. Upasuaji usiuguse.

Mitihani. Step 1, yaani mtihani wa leseni yao wa sayansi za msingi, tangu Januari 2022 ni kufaulu au kufeli, alama haionyeshwi. Mzigo wote umehamia Step 2 CK, ule wa maarifa ya kliniki, na kwa mwenye mwaka wa zamani hiyo alama ndiyo ushahidi pekee kwamba kichwa bado kinafanya kazi. Habari njema kwako ni kwamba unaweza kuanza na yoyote. Mimi ningekushauri uanze na Step 2 CK, maana hiyo ni kliniki na wewe uko kliniki kila siku. Baiokemia ya Step 1 itakutesa, hiyo ndiyo uliyoiacha Khartoum. Usikalie mtihani hujawa tayari. Kufeli mara moja kwa kijana ni doa, kwa mwaka wako ni msumari.

Juu ya hiyo kuna mtihani wa Kiingereza wa OET kwa madaktari, ambao hauna msamaha hata uwe umekulia London. Na ECFMG, taasisi yao inayowathibitisha madaktari waliosoma nje, wanataka kujua kama unaweza kumshika mgonjwa. Hapo leseni yako ya Kenya inakuokoa, kwa sababu njia yao ya kwanza ni ya daktari aliyekwisha kupewa leseni ya kutibu katika nchi nyingine. Lipia leseni yako kila mwaka, usiache pengo.

Barua za mapendekezo lazima angalau baadhi zitoke kwa madaktari wa Marekani waliokuona ukifanya kazi karibuni. Hiyo ni miezi kule, kwa nauli yako na malazi yako. Kaka yako ana chumba, umshukuru Mungu.

Daktari wa Barani

Tabibu, Allah akulipe. Na viza je? Kaka anasema niombe H-1B, viza ya kazi, ili nisirudishwe.

Tabibu Ughaibuni

H-1B inahitaji uwe umefaulu Step 3, mtihani wa mwisho wa leseni yao, na Step 3 hufanyiwa Marekani tu. Kisha Septemba 2025 rais wao alitoa tangazo la kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje. Hospitali gani itakulipia hiyo? Wengi wetu huingia kwa J-1, viza ya mafunzo. Utahitaji barua ya Wizara ya Afya, pale Afya House Nairobi, na ukimaliza sheria inakutaka urudi nyumbani miaka miwili. Njia ya kubaki ipo, inaitwa Conrad 30: kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka za kukusamehe hiyo miaka miwili, ukikubali kutibu miaka mitatu kwenye eneo lenye uhaba wa madaktari.

Mama Faiza

Nyinyi wanaume mmemaliza mitihani na viza, hakuna aliyemtazama mtoto. Dada, huyo wa miaka 17 umemwekea hesabu? Kusoma, mitihani yote miwili, barua, maombi hutumwa Septemba, majibu Machi, kazi huanza Julai. Ukienda mbio bila kuteleza utaingia naye akiwa na 19 au 20. Viza ya mtegemezi wa J-1, yaani J-2, hukoma mtoto akifika 21. Atakuwa nchi ya watu katikati ya mafunzo yako, atafute viza yake mwenyewe ya masomo na karo ya mgeni. Wadogo watafaidi. Yeye mpangie hapa hapa, chuo chake na mahali pa kuishi, msije mkagawana ndoto asiyomo.

La kheri ni kwamba mwenye J-2 anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi, kwa hiyo baba hatakaa bure. Wa H-1B mwenzi wake kwa kawaida hafanyi kazi.

Daktari wa Barani

Mama Faiza umenipiga palipo na kidonda. Sikuwa nimeihesabu.

Abu Zainab

Nilisoma Sudan pia, si chuo chako pengine. Kuhusu uthibitisho wa cheti: huwezi kuubeba mkononi. ECFMG wao wenyewe hupeleka nakala kwa chuo kwa njia ya kielektroniki, na chuo ndicho hujibu. Vyuo kadhaa vilihamisha ofisi zao Port Sudan au nje ya nchi, na vinajibu, ila ni kwa mwendo wa konokono. Hili lifanye kabla hujanunua hata kitabu kimoja. Pata aliyesoma nawe aliyeko Ghuba, madaktari wa Kisudani wamejaa Saudia na Imarati, na ili wapate leseni kule vyeti vyao navyo huthibitishwa. Watakwambia ni ofisi gani inafanya kazi na barua pepe gani inafunguliwa.

Ofisa wa Kliniki, Langoni

Masalkheri dada. Mimi niko Lamu, nami nitakuuliza ambalo wenzangu wameliruka. Unataka Marekani au unataka ubingwa? Maana ubingwa upo huku. ECSACOP, chuo cha mabingwa wa magonjwa ya ndani cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilianzishwa 2015, na mafunzo yake hufanyiwa hospitalini ukiwa kazini, miaka minne. Tiba ya familia ilianza Moi tangu 2005 na sasa hufundishwa kwingine pia. Huku kwetu mgonjwa wa Faza anapanda boti mpaka Amu, akifika anakutana na mimi. Bingwa mmoja wa magonjwa ya ndani angebadilisha mengi.

Kisauni Damu

Sasa huyu anamrudisha nyuma. Mshahara je?

Tabibu Ughaibuni

Kisauni, residenti sehemu nyingi hulipwa zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Kwa familia ya watu watano, lipa nyumba, gari, bima, uone kinachobaki. Pesa huja baada ya residensi. Na ofisa wa Langoni hajakosea: daktari mwenye ubingwa wa huku akiomba baadaye, faili lake lina uzito kuliko la MO.

Mwanasheria Mtaani

Kuna pia majimbo yaliyoanza kutoa leseni za muda kwa madaktari wa nje bila residensi ya Marekani, Tennessee ikitangulia kwa sheria ya 2023. Cheti cha ECFMG bado unakihitaji, na sheria za namna hiyo zimewalenga zaidi waliokwisha kufunzwa ubingwa kwao. Kwa MO bado ni mbali.

Daktari wa Barani

Wakala nimeshamzuia kwenye simu. Nimezungumza na mume wangu usiku kucha. Tumekubaliana hivi: nathibitisha cheti kwanza, nasoma Step 2 CK kwa kliniki yangu hii hii, na papo hapo naulizia ECSACOP hospitali gani karibu na hapa imeidhinishwa. Nikipata alama nzuri tutaongea na kaka. Nisipopata, nina pa kwenda. Huyu mkubwa wetu amesema mwenyewe anataka Kilifi, Chuo cha Pwani, na alishaanza kuulizia. Mimi ndiye nilikuwa sijui.

Abu Zainab

Sawa kabisa. Jambo moja kabla hujatuma: linganisha majina. Sudan wametuandika majina manne, mpaka la babu wa baba, na pasipoti ya Kenya huenda ina matatu, tena "Mohamed" kwa tahajia nyingine. Faili hukwama hapo. Kama yanatofautiana, pitia kwa wakili ufanye kiapo cha majina, ukiambatishe tangu mwanzo. Na piga picha cheti leo kabla huo muhuri haujaisha.