Mrejesho: Aya ya mwanzo ya wasifu wa mhasibu

Ndugu wadau, niliomba ushauri kuhusu aya ya kufungulia wasifu wangu wa kuombea kazi ya uhasibu, nanyi mkanishauri niondoe "lengo la kazi", lililoeleza ninachokitafuta mimi, na badala yake niweke muhtasari unaoonyesha atakachokipata mwajiri. Nimefanya hivyo, na ninawashukuru kwa dhati.

Sentensi ya kwanza sasa inasema kuwa mimi ni mhasibu mwenye CPA(T) (cheti cha taaluma ya uhasibu) ya NBAA (Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu Tanzania) na uzoefu katika biashara ya jumla. Ya pili inataja kazi yenyewe, yaani kuandaa ritani (taarifa za kodi) za VAT (kodi ya ongezeko la thamani) zinazowasilishwa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kufanya usuluhisho wa benki (kulinganisha vitabu vya hesabu na taarifa ya benki) na kufunga hesabu za mwaka. Maneno kama "mchapakazi" nimeyafuta, kwa sababu msomaji hana namna ya kuyathibitisha.

Ushauri ulionifaa zaidi, kwa maoni yangu, ni wa kulisoma tangazo la kazi upya kabla ya kila ombi na kutanguliza jukumu linalosisitizwa humo. Kampuni moja ya usambazaji imeshanifanyia usaili, na swali la kwanza lilitokana na sentensi hiyo ya VAT. Majibu bado ninayasubiri.