Kugawa skrini ya kishikwambi: muhtasari upande mmoja, andalio la somo upande wa pili

mwl_Mafinga

Wakuu, salaam kutoka Mafinga. Naomba msaada wenye hatua kamili kuhusu kutumia programu mbili kwa wakati mmoja. Kishikwambi ni Samsung ya inchi 8.7, RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) GB 3, Android 14. Kazi yenyewe ni kuandaa azimio la kazi na maandalio ya somo: muhtasari wa somo (silabasi) wa PDF ukae upande mmoja, nami niandike upande wa pili.

Nimekwama hapa. Kila siku naanza upya kutafuta programu zote mbili. Kibodi ikitokea, inafunika karibu kila kitu. Nikitaka muhtasari na kitabu cha kiada vikae pamoja, faili la pili linalifukuza la kwanza kwa sababu yote mawili yanafunguliwa na kisomaji kilekile. Tena kuna programu zinakataa kabisa kukaa nusu skrini. Na mwalimu mwenzangu ana kishikwambi cha Android 9: video inasimama kila anapogusa upande wa kuandikia.

fundi_Mwanjelwa

Karibu mwalimu. Tuanze na kufungua.

Fungua programu zote mbili kwanza, kila moja kwa kawaida yake, ili ziwe kwenye orodha ya zilizotumika karibuni. Bonyeza kitufe cha vistari vitatu pale chini. Kama huna vitufe, telezesha kidole kutoka ukingo wa chini kwenda juu, kisha kisitishe katikati ya skrini. Utaona kadi za programu. Usiguse kadi yenyewe, gusa alama ndogo ya programu iliyo juu ya kadi. Menyu fupi itafunguka, chagua "Split screen". Ile ya kwanza itakaa upande wake, halafu unachagua ya pili kutoka kwenye orodha inayobaki. Watu wengi hukosea hapa kwa kubonyeza kadi, programu inafunguka skrini nzima, wanadhani kifaa hakina uwezo huo.

Njia ya mkato, kama kishikwambi chako kinaonyesha upau wa alama za programu chini: ukiwa ndani ya programu ya kwanza, shikilia alama ya programu ya pili kwenye upau na uiburute hadi ukingo wa kulia au wa kushoto. Nafasi ikibadilika rangi, achia. Usiachie katikati ya skrini, maana kwenye Samsung itageuka dirisha dogo linaloelea.

Sasa la kutafuta upya kila siku. Zikishakaa pamoja, gusa vidoti vilivyo katikati ya mstari unaozigawa. Zitatokea alama chache, mojawapo ni nyota. Hiyo nyota ndiyo inayohifadhi jozi, na itakuuliza uiweke kwenye skrini ya mwanzo au kwenye paneli ya pembeni. Weka skrini ya mwanzo. Kesho yake unagusa alama moja tu, zinafunguka zote mbili kila moja mahali pake. Vishikwambi visivyo vya Samsung vyenye Android 15 navyo vina kuhifadhi jozi, ila chaguo lake liko kwenye ile orodha ya programu za karibuni.

Kufunga, buruta mstari wa kati hadi mwisho wa upande mmoja.

Njombe_baridi

Mimi nizungumzie kibodi na ukubwa wa maandishi, maana kwenye inchi 8.7 hapo ndipo penye kazi. Kugawa skrini ni rahisi, kusoma na kuandika ndani ya hizo nusu ndiko kunakochosha macho.

Piga hesabu. Skrini hiyo ina takribani sentimita 19 kwa 11.3. Ukiilaza, kila nusu inapata upana wa sentimita 9.5. Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21, kwa hiyo unabanwa hadi asilimia 45 na herufi za pointi 12 zinakuwa kama za pointi 5 na kitu. Hakuna anayesoma muhtasari namna hiyo kwa saa nzima. Ukiisimamisha, programu moja juu na nyingine chini, kila moja inapata upana wote wa 11.3, na herufi zinapanda hadi pointi 6 na nusu.

Kata pambizo pia, yaani nafasi tupu za pembeni. Ukurasa wenye pambizo za sentimita 2.5 kila upande una maandishi ya upana wa sentimita 16 tu. Kisomaji chenye uwezo wa kukata pambizo, ReadEra kwa mfano, kitakujazia hiyo 16 kwenye 11.3, na herufi zitafika pointi 8 na nusu. Hicho ni kiwango cha gazeti, kinasomeka.

Kibodi nayo: skrini ikiwa imelala, kibodi ya kawaida hula karibu nusu ya urefu wa programu zote mbili, hata ile usiyoiandikia. Iweke ielee. Kwenye kibodi ya Samsung gusa vidoti vitatu juu yake, nenda kwenye aina za kibodi, chagua inayoelea. Kwenye Gboard, kibodi ya Google, gusa alama ya miraba minne iliyo kushoto juu ya herufi, kisha chagua ya kuelea. Ipunguze kwa kuvuta pembe, uiweke juu ya sehemu ya PDF usiyoisoma wakati huo. Kama unaandika maandalio ya wiki nzima kwa mkupuo, tafuta kibodi ya Bluetooth. Hiyo inakurudishia skrini yote, na ndiyo ningeinunua kabla ya kufikiria kishikwambi kikubwa zaidi.

Gboard pia inaandika kwa sauti kwa Kiswahili cha Tanzania. Gusa kipaza sauti, soma lengo la somo, linaandikwa. Majina ya mada uyahakiki mwenyewe.

maktaba_Gangilonga

Suala la PDF mbili. Sababu ni kwamba kisomaji chako kinafungua dirisha moja tu, hivyo faili jipya linachukua nafasi ya la zamani. Njia mbili.

Ya kwanza, tumia visomaji viwili tofauti: muhtasari kwenye Acrobat, kitabu kwenye kisomaji cha Google Drive. Mfumo unaziona kama programu mbili, mgongano unaisha. Ukifungua faili kutoka WhatsApp na linakwenda kwenye kisomaji usichokitaka, kuna kisomaji ulikiweka kuwa cha kudumu. Nenda Mipangilio, Programu, kifungue hicho kisomaji, ufute chaguo la kufungua kwa kawaida. Baada ya hapo utaulizwa kila mara.

Ya pili, ReadEra aliyoitaja Njombe ina uwezo wa kusoma nyaraka mbili kwa pamoja ikiwa peke yake, haina matangazo na haihitaji intaneti. Kwa RAM ya GB 3 hii ni nafuu kuliko kubeba visomaji viwili.

Kurasa mbili za tovuti: ndani ya Chrome gusa vidoti vitatu, fungua dirisha jipya, siyo kichupo kipya. Kichupo kinabaki ndani ya dirisha lilelile.

Kuhusu pa kuandikia. Word ya kishikwambi inahariri bure kwenye skrini isiyozidi inchi 10.1, kwa hiyo ya kwako iko sawa. Mwalimu mwenye cha inchi 10.5 au 11 atakuta anasoma tu, akitaka kuandika anadaiwa usajili wa kulipia. Huyo atumie Google Docs, na kabla ya kuondoka penye mtandao afungue vidoti vitatu vya faili na kuliruhusu lipatikane bila intaneti. Asipofanya hivyo, akifika shuleni kwenye mtandao wa kusuasua faili halifunguki.

mwl_Mafinga

Asanteni sana. Jozi imekubali, na kusimamisha skrini kumesaidia kweli. Bado programu mbili zinaleta ujumbe kwamba hazikubali skrini iliyogawanywa. Pia ule upau wa chini anaousema fundi siuoni. Niliongeza ukubwa wa vitu kwenye skrini ili nisome vizuri, sijui kama kuna uhusiano.

fundi_Mwanjelwa

Uhusiano upo, tena huenda ndiyo sababu yenyewe.

Android haiangalii inchi, inaangalia upana wa skrini kwa kipimo chake cha ndani kinachoitwa dp. Skrini yenye dp 600 na kuendelea kwenye upande wake mfupi inahesabiwa kuwa kubwa. Tangu Android 12, kwenye skrini kubwa mfumo unaruhusu programu zote zigawanywe, hata zile ambazo watengenezaji wake hawakuziandaa. Chini ya 600 kifaa kinaweza kuchukuliwa kama simu, na programu isiyoandaliwa inaruhusiwa kukataa.

Vishikwambi vya inchi 8 vyenye pikseli 800 upande mfupi viko mpakani kabisa, dp 600 hivi. Ukiongeza ukubwa wa vitu kwa hatua moja tu unashuka chini ya mstari, na upau wa chini unaweza kupotea pamoja na ruhusa hiyo. Nenda Mipangilio, Skrini, ukubwa wa vitu, urudishe ulivyokuwa awali. Kama macho yanasumbuka, ongeza ukubwa wa fonti peke yake. Fonti haigusi hesabu ya dp.

Ukirudisha na bado zinakataa, ingia Mipangilio, vipengele vya ziada, tafuta sehemu ya Labs. Matoleo mengi ya Samsung yana swichi pale ya kuruhusu programu zote zigawanywe.

La mwisho kabisa ni chaguo za wasanidi (Developer options): kwenye taarifa za programu za kifaa gusa namba ya muundo (Build number) mara 7, kisha ndani ya chaguo hizo tafuta mstari wenye neno "resizable", uwashe, uzime kifaa na kukiwasha tena. Tahadhari: programu uliyoilazimisha inaweza kukata vitufe vyake ukingoni, na baadhi ya programu za benki hazifunguki chaguo za wasanidi zikiwa wazi. Ndiyo maana nimeiweka mwisho. Na kama kishikwambi ni cha ofisi kinachosimamiwa kutoka kwingine, sehemu hii inaweza kuwa imefungwa. Usijaribu kuivunja, muone anayekisimamia.

Tukuyu_chai

Kwa mwalimu mwenzako wa Android 9. Kugawa skrini kulianza rasmi na Android 7 mwaka 2016, lakini hadi Android 9 programu inayohesabiwa kuwa hai ni ile uliyoigusa mwisho. Nyingine inaonekana ila imesitishwa, na programu nyingi za video zimeandikwa zisimame zikisitishwa. Android 10 ndiyo iliyoleta zote mbili kuwa hai pamoja. Kwa hiyo kifaa chake hakijaharibika. Apakue video aifungue kwa kicheza video VLC katika dirisha dogo linaloelea, aandike kwa utulivu. Kupakua kunamwokoa na bando pia: saa moja ya video ya ubora wa 360p ni takribani MB 300, na anayerudiarudia kipande kile kile anaweza kulipia zaidi ya mara moja.

Mambo mawili ya kuzingatia kwenye Android yoyote. Kwa kawaida kamera inatumiwa na programu moja kwa wakati, hivyo ukiwa kwenye kikao cha video usifungue kamera upande wa pili kupiga picha ya ubao, sura yako itapotea kikaoni. Na programu mbili zenye sauti hunyang'anyana spika, mara nyingi moja itanyamaza.

dada_Uyole

Je, wenye iPad?

maktaba_Gangilonga

Dada, inategemea toleo. Kuanzia iPadOS 15 hadi 18 gusa vidoti vitatu juu katikati, chagua alama ya mistatili miwili iliyo sambamba, programu itasogea pembeni, kisha gusa ya pili. Vidoti vikikosekana, angalia kwenye mipangilio kama kufanya kazi nyingi kumezimwa.

iPadOS 26 imebadilisha utaratibu. Chagua kwanza hali ya madirisha kwenye mipangilio ya kazi nyingi, kisha shika dirisha kwa juu ulirushe upande wa kushoto, na la pili kulia. Yatajipanga nusu kwa nusu. Ukishikilia kitufe cha kijani cha dirisha unapata mipangilio mingine, ikiwemo ya theluthi.