Tupeane uzoefu: pikapu ya zamani ikikata umeme wote ghafla, unaanza kupima wapi?

#1
Wakuu, tukusanye hapa njia za kusaka umeme unaopotea kwenye pikapu za zamani. Dalili ni ileile: unageuza ufunguo, dashibodi giza, honi kimya, halafu ukibamiza boneti taa zinarudi. Anayeijua sehemu moja aiandike na vipimo vyake.

Naanza na betri, maana hununuliwa mpya bila sababu. Iache ipumzike saa chache, kisha upime. Volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu, chini ya 12 imeisha. Betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6 wakati wa kupiga stata, imechoka. Ikibaki juu ya 10 na stata inajikokota, iacheni betri, tafuteni kwenye nyaya na viungio.

#2
Kabla ya kwenda mbali, pima pale betri inapokutana na kibanio cha waya. Ncha moja ya mita ya volti iguse nguzo ya risasi yenyewe, nyingine iguse kibanio, taa kubwa ziwe zinawaka. Ikizidi volti 0.1 kuna utando katikati, hata kama kwa nje panang'aa. Fungua hasi kwanza, kwa sababu spana ikigusa bodi ukiwa unafungua chanya ni shoti. Osha kwa maji ya magadi, sugua kwa brashi ya waya, kausha. Kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho.

#3
Nasisitiza hilo la taa kuwaka, ndipo wengi wanapopotea. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utasoma 12.6 kamili, kwa kuwa mita inavuta umeme kidogo mno. Ukiwasha taa, uzi ule unashindwa na volti zinaanguka. Kwa hiyo pimeni kukiwa na mzigo, siku zote.

Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, nayo ipimwe hivyohivyo. Zuia injini isiwake: ya petroli chomoa waya wa koili, ya dizeli chomoa waya wa solenoidi ya kukata mafuta. Ncha nyeusi kwenye nguzo hasi, nyekundu kwenye bloku ya injini, mtu apige stata. Inayofaa ni 0.2 au pungufu, na ikifika 0.5 waya mnene wa hasi una kasoro. Kisha hamishia nyekundu kwenye chuma kitupu cha kabini, washa taa na feni. Kipimo cha injini kikiwa kizuri lakini kabini inasoma volti 1 au 2, mkanda wa ethi kati ya injini na bodi umekatika au umeliwa na kutu. Injini na kabini zimekalia mipira, kwa hiyo umeme hauna njia nyingine ya uhakika ya kurudi. Utajitafutia, na mara nyingine hupitia kebo ya pedali ya mafuta. Kebo hiyo ikiwa ya moto baada ya kupiga stata, umeshapata jibu.

Kuhakikisha, unga waya wa kubusti kutoka nguzo hasi hadi bodi. Vyote vikirudi, funga mkanda mpya, na usugue rangi pale bolti inapokaa.

#4
Ethi ikiwa nzima, angalia waya wa fyuzi (kipande cha waya kinachoyeyuka umeme ukizidi) karibu na betri au solenoidi ya stata. Ganda linaweza kuonekana zima huku shaba ndani imeyeyuka. Uvute taratibu: ukinyumbuka kama mpira, umekufa. Usiweke waya wa kawaida mahali pake, siku ya shoti utaungua waya wote hadi ndani ya kabini. Na kwanza tafuta kilichouunguza.

#5
Taa kubwa zinawaka ila ufunguo ukiwa ON hakuna kitu? Hapo shuku swichi ya ufunguo na plagi yake. Plastiki yenye rangi ya kahawia au iliyolainika inamaanisha joto. Washa feni, pima kwa nyuma ya plagi kati ya waya unaoingia na unaotoka. Zaidi ya 0.3, kontakti zimeungua.

#6
Ukishatengeneza, pima chaji: injini ikiwaka, betri isome 13.8 hadi 14.4. Isipopanda, angalia mkanda wa altaneta (kifaa kinachochaji betri), halafu taa ya chaji kwenye dashibodi. Kwenye altaneta nyingi za zamani umeme wa kuiamsha unapita kwenye balbu hiyo, ikiungua chaji inaweza isianze kabisa.

#7
Msipime altaneta kwa kuchomoa betri injini ikiwaka. Volti zinaruka ghafla na kuua diodi.